Makao ya Watoto Yanafungwa Pole Pole: Mbona Miaka Kumi, na Nani Ataumia Wakiharakisha?

Karibu kila mtaa uko na makao ya watoto. Unayajua ya kwenu. Ni ile ploti ya geti kubwa, ukuta umechorwa watoi wameshikana mikono. Shule ya msingi ilikupeleka pale siku moja ukibeba pakiti mbili za unga. Chama cha mathe hupeleka mchele Krisi ikikaribia. Siku hizi mastaa wanafanyia bathdei huko: keki, picha, posti ya Instagram kabla hata sahani hazijaoshwa.

Chenye wengi hawana habari ni kwamba hayo makao yamewekewa mwisho. Mwaka wa 2022 serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa kubadilisha malezi ya watoto, unaoanza 2022 na kuisha 2032. Mpango ni watoi watolewe kwa makao pole pole, warudi kwa wazazi, ama kwa shosho, anti na anko, ama waende kwa familia zingine ambazo zimekubali kuwalea. Makao yenyewe yageuke kuwa kitu kingine, kama kituo cha kusaidia familia za hapo mtaani. Mwaka huo huo, Sheria ya Watoto ya 2022 ikaanza kazi na kufuta ile ya 2001.

Hii si stori ndogo. Tunaongea kuhusu watoi zaidi ya 40,000, wanaoishi kwa makao ya kibinafsi zaidi ya 800 kote nchini. Na hayo ni yale yanajulikana.

Watu wakisikia hii mambo huuliza maswali mawili. Moja: mbona mnafungia watoi maskini mahali pao pa kulala? Mbili: kama hayo makao ni mabaya hivyo, mbona mngoje miaka kumi, si mfunge leo? Swali la kwanza tutapita nalo haraka. La pili ndilo limenifanya nikae na simu usiku nikisoma sheria. Na mimi chuo niliacha kabla ya kumaliza, kwa hivyo usiogope, hapa hakuna lugha ya mawakili.

Kwanza, mbona yafungwe

Wengi wa hao watoi si yatima kama vile mabango huandika. Wengi wako na mzazi mmoja hai, ama ndugu wanaojulikana. Kilichowapeleka pale ni umaskini: mathe hana doh ya karo, keja ni ya mabati na wako sita ndani, halafu kuna mahali wanapeana chakula mara tatu kwa siku na shule bure. Mzazi yeyote angefikiria. Na kwa sababu wafadhili wa nje hutuma pesa kwa kuhesabu vichwa, kuna watu waligundua kwamba mtoi kwa makao ni biashara. Hiyo ni moja ya sababu serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya Novemba 2017.

Halafu kuna upande wa akili ya mtoi. Romania, baada ya serikali ya kikomunisti kuanguka 1989, dunia iliona vituo vilivyojaa watoto wasioguswa na mtu. Watafiti walifuata kundi la watoto wa Bucharest kuanzia 2000, wengine wakapelekwa kwa familia za kuwalea na wengine wakabaki vituoni. Wale walioingia kwa familia wakiwa wadogo, hasa kabla ya miaka miwili, walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia. Mtoto mdogo anataka mtu mmoja anayemjua kwa harufu na sauti. Wafanyakazi wanaobadilishana zamu, hata wakiwa na roho nzuri aje, hawawezi kuwa huyo mtu.

Basi tukubaliane na hiyo. Sasa swali la miaka kumi.

Sheria inaanza usiku mmoja

Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi Sheria ya Watoto tarehe 6 Julai 2022. Ikaanza kufanya kazi 26 Julai. Kifungu cha 116 cha Katiba kinasema sheria huanza siku ya 14 baada ya kuchapishwa kwa Gazeti Rasmi la Serikali, isipokuwa yenyewe itaje siku nyingine. Kwa hivyo tarehe 25 Julai hakimu alilala na sheria moja, akaamka na nyingine. Watoi wale wale, mafaili yale yale.

Hapo ndipo kitu kinaitwa kipindi cha mpito kinaingia. Ni ule muda na zile kanuni zinazosema: haya mambo mapya yaanze leo, haya yangoje, na wewe uliyekuwa katikati utashughulikiwa hivi. Inaonekana kama kazi ya makarani. Lakini angalia vile inagusa watu.

Chukua mtoi wa miaka kumi aliyeshikwa na karao Mei 2022 kwa kuvunja kioski. Kwa sheria ya zamani, ni mtoto wa chini ya miaka 8 pekee ndiye hangeweza kushtakiwa kabisa. Kati ya 8 na 12, korti ingeonyeshwa kwamba alijua anachofanya si sawa, angepatikana na hatia. Sheria mpya ikapandisha: chini ya 12 hakuna kesi ya jinai, na wa 12 hadi 14 anachukuliwa hana uwezo huo mpaka korti ipewe ushahidi kinyume. Huyu mtoi wetu wa kioski kesi yake iko katikati. Alishikwa chini ya sheria moja, anahukumiwa chini ya nyingine. Utamwambia ati alikosa bahati kwa miezi miwili?

Katiba ina roho nzuri hapa. Kifungu cha 50 kinasema adhabu ikibadilika kati ya siku ya kosa na siku ya hukumu, unapewa ile nafuu. Na kinasema pia huwezi kupatikana na hatia kwa kitu ambacho hakikuwa kosa siku ulikifanya. Ukiweka hizo mbili pamoja unapata kanuni ambayo mimi naona inafaa kuongoza mpito wote wa sheria za watoto: nafuu ya mtoi ikimbie, mzigo wa mtu mzima upewe muda wa kujipanga.

Chukua mwingine. Mtoi wa miaka sita aliyewekwa kwa makao kwa amri ya korti mwaka wa 2021, chini ya ile sheria iliyofutwa. Sheria ikifa, amri inakufa nayo? Ingekuwa hivyo, asubuhi ya 26 Julai huyo mtoi angekuwa hana mlezi yeyote kisheria. Akipata malaria usiku, nani anatia sahihi fomu ya hospitali? Kwa bahati nzuri kuna Sheria ya Tafsiri na Masharti ya Jumla, Sura ya 2, ambayo kifungu chake cha 23 kinasema kufuta sheria hakufuti yale yaliyofanywa chini yake, isipokuwa sheria mpya iseme hivyo. Amri zinabaki na nguvu mpaka zibadilishwe. Watu wachache wanajua hicho kifungu na kila siku kinashikilia maisha ya watoi.

Kwa hivyo kwa upande wa korti tuko sawa kiasi. Shida iko nje ya korti, kwa sababu karatasi inaweza kuhama kwa siku moja na mtoi hawezi.

Tulishajaribu haraka, mwaka wa 2020

Unakumbuka Machi 2020? Korona imeingia, shule zimefungwa, kafyu inakuja. Wiki hiyo hiyo serikali iliagiza makao yarudishe watoi kwa familia zao pale inapowezekana. Sababu ilieleweka, watoi hamsini kwa bweni moja ni hatari wakati wa ugonjwa wa kuambukizana. Maelfu walirudi nyumbani ndani ya siku chache.

Kwa hali ya kawaida, kumrudisha mtoi ni kazi ya miezi. Mfanyakazi wa jamii anatafuta familia, anaitembelea, anauliza kwa nini mtoi aliondoka hapo mwanzo. Pengine aliondoka kwa sababu ya njaa. Pengine aliondoka kwa sababu kuna mtu hapo ndani alikuwa anamuumiza, na huyo mtu bado yuko. Mtoi anatembelewa, halafu analala wikendi moja, halafu likizo nzima, ndio arudi kabisa. Na baada ya kurudi kuna mtu anapita kumuona tena na tena.

Machi 2020 wengi hawakupata hiyo. Walipata matatu na namba ya simu. Wakafika kwa nyumba ambayo baba amepoteza kibarua wiki hiyo hiyo, mathe hauzi tena mboga kwa sababu ya kafyu, na kuna mdomo mmoja zaidi wa kulisha. Kuna waliopokelewa vizuri sana na hawakurudi makao tena, na hiyo pia lazima isemwe. Familia nyingi zilikuwa zinangoja tu kuambiwa zinaweza. Lakini ukitaka kujua makao yakifungwa bila mpito yanafanana aje, hiyo wiki ya Machi ndiyo picha.

Afrika Kusini: sheria nzuri, watu hawatoshi

Hii stori ya Afrika Kusini kila mbunge wetu angefaa kuijua.

Walipitisha Sheria ya Watoto nambari 38 ya 2005. Hawakukurupuka. Vifungu vingine vilianza Julai 2007, na yote ikaanza Aprili 2010. Sheria yenyewe imesifiwa. Lakini ilikuwa na badiliko moja dogo. Zamani, amri ya mtoto kulelewa na familia nyingine, mara nyingi ni shosho tu aliyebaki na wajukuu baada ya UKIMWI kuchukua wazazi, ilikuwa inaongezwa muda na ofisi ya ustawi wa jamii. Sheria mpya ikasema sasa korti ndiyo iongeze. Kwa karatasi inaonekana ni ulinzi zaidi, si ndio? Hakimu aangalie.

Lakini kila faili ya kwenda kwa hakimu inahitaji ripoti ya mfanyakazi wa jamii, na wafanyakazi hao walikuwa wachache sana ukilinganisha na mafaili. Amri zikaanza kuisha muda zikiwa kwa mezani. Na kule, amri ikiisha, pesa ya malezi ambayo serikali hutuma kila mwezi inakatika. Kwa kipindi cha kama miaka miwili, ruzuku zaidi ya 100,000 zilikatika. Shosho anaenda kuchukua pesa anaambiwa hayuko kwa mfumo, na hajafanya kosa lolote.

Mei 2011 mawakili wa haki za watoto walienda Mahakama Kuu ya Pretoria, na korti ikatoa amri kwamba zile zilizoisha zihesabiwe bado ziko hai mpaka mwisho wa 2014, serikali ijipange. 2014 ikafika, haijajipanga. Ikaongezwa mpaka 2017. Tena mpaka 2019. Na bado ikaongezwa. Mpito wa dharura uliotengenezwa na korti ukaishi zaidi ya miaka kumi kwa sababu ule wa kwanza ulihesabu siku na haukuhesabu wafanyakazi.

Sasa rudisha hiyo Kenya. Nenda ofisi ya watoto ya kaunti ndogo yenu, uangalie maafisa ni wangapi na foleni ni ya watu wangapi. Huyo afisa mmoja ndiye anashughulikia baba aliyekataa kutuma matumizi, mtoto aliyepotea sokoni, msichana aliyeolewa na miaka 14, ripoti za korti, na sasa pia anafaa kufuatilia kila mtoi anayetoka makao ya eneo lake. Miaka kumi kwa huyo mtu ni kama wiki mbili.

Rwanda walianza safari hii 2012, na walikuwa na watoi zaidi kidogo ya 3,000 kwa vituo kama 33. Hiyo ni ndogo sana ukilinganisha na sisi. Walichofanya cha maana ni kuweka watu chini kabisa kijijini: kila kijiji kina marafiki wa familia wawili, mwanamke na mwanaume, wanaoitwa Inshuti z'Umuryango, wanaopita kwa maboma kuona watoto wako aje. Ni watu wa hapo hapo. Na hata na hiyo, ilichukua muda mrefu, na watoto wenye ulemavu ndio walibaki nyuma. Sisi tuko na nyumba kumi, machifu, na wale wahudumu wa afya wa jamii wanaopita na mikoba. Watu tuko nao. Swali ni nani anawalipa na nani anawafunza hii kazi.

Pesa inajua njia ya geti pekee

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo mpito mwingi hufia.

Mzungu wa kanisa fulani anatuma pesa kwa makao kila mwezi kwa miaka kumi. Jengo analijua. Watoi anawajua kwa picha. Mtoi akirudishwa kwa shosho Vihiga, ile pesa haimfuati. Inabaki kwa jengo, ama inakatika kabisa. Mtoi aliyekuwa anakula nyama Jumapili sasa yuko mahali ambapo sukari inapimwa na kijiko, na hakuna mtu amekosea. Pesa tu haijui njia ya kwenda Vihiga.

Serikali iko na Inua Jamii, ile pesa ya familia zinazolea mayatima na watoto walio hatarini. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa familia, si kwa mtoi. Na wazazi wanaoipokea watakwambia vile hukaa. Unaweza kungoja miezi halafu ikuje pamoja. Wewe piga hesabu ya unga, mafuta, sabuni na viatu vya shule uone 2,000 inafika wapi. Kama umaskini ndio ulipeleka mtoi makao, na umaskini umengoja pale pale mlangoni, kumrudisha bila pesa ni kumzungusha. Mwaka mmoja baadaye utampata kwa makao mengine, ama mtaani na chupa ya gundi.

Mpito wa haki ungefanya pesa ihame kabla ya mtoi kuhama. Mfadhili aambiwe mapema: kwa miaka miwili inayokuja tuma nusu kwa jengo na nusu kwa familia, halafu yote kwa familia. Kuna makao yameanza kufanya hivyo, yamegeuka kuwa vituo vya kusaidia familia, wapishi na walezi wa zamani sasa wanapita nyumba kwa nyumba. Na hao wafanyakazi usiwasahau. Kuna mama amelea watoi wa watu kwa miaka ishirini kwa mshahara wa kuchekesha. Anawajua hao watoi kuliko faili yoyote. Kumfuta ni kutupa maktaba.

Kwa wenye makao nina maoni yangu. Wapewe muda, ndiyo, lakini muda ni kwa sababu ya watoi walio ndani. Kuna yule atasema anahitaji miaka kumi, na anachotaka ni miaka kumi ya michango. Yule wa ukweli utamjua kwa kitu kimoja: watoi wake wanapungua.

Kuchelewa pia ni ukatili

Usinielewe vibaya ukadhani nasema twende konokono. Kuna mpito uliochelewa mpaka ukawa dhuluma, na wengi wenu mnaosoma hii mlikulia ndani yake.

Sheria ya 2001 ilisema mtoto akizaliwa wazazi hawajaoana, mathe ndiye ana jukumu la mzazi kwanza. Buda alikuwa na nafasi ya kutoroka. Katiba ya Agosti 2010 ikasema, kifungu cha 53, baba na mama wana jukumu sawa, wameoana ama hawajaoana. Hiyo ni 2010. Lakini bunge halikubadilisha sheria. Mwaka wa 2013 Mahakama Kuu ikasema vile vifungu vya zamani vinapingana na Katiba. Sheria mpya yenyewe ikafika 2022. Miaka 12. Mtoi aliyezaliwa 2010 alikaribia kumaliza shule ya msingi akiwa kwa nchi ambayo Katiba inasema kitu kimoja na kitabu cha sheria kinasema kingine, na mathe wake alihitaji pesa ya wakili ili apate kile Katiba ilikuwa imeshampa.

Hiyo ni nafuu ya mtoi iliyofanywa itembee. Ilifaa kukimbia.

Sasa angalia hesabu ya makao na hiyo akilini. Mtoi aliyekuwa na miaka 8 mwaka wa 2022 atafikisha 18 mwaka wa 2032. Soma hiyo tena. Kila mtoi wa makao aliyekuwa na miaka 8 kwenda juu siku mkakati ulizinduliwa atakuwa mtu mzima siku utaisha, hata kama hakuna mtu atafanya chochote. Namba zitashuka. Ripoti itasema tumefaulu. Na wengine watakuwa wametoka kwa geti na begi moja kwa sababu tu ya bathdei.

Hawa wa kutoka na miaka 18 ndio marafiki zetu sasa hivi. Yule msee wa tukutuku asiyeendaga ocha Disemba. Yule dem mliyekuwa naye kwa klasi ambaye hakuwahi kusema kwao ni wapi. Ukifika 18 Kenya kitu cha kwanza ni kitambulisho, na fomu inataka cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi. Wewe umeokotwa ukiwa na miezi minne. Bila kitambulisho hakuna laini ya simu kwa jina lako, hakuna M-Pesa yako, hakuna akaunti, hakuna kazi yenye mkataba, na karao akikusimamisha usiku huna cha kuonyesha. Kuna chama cha watu waliokulia kwa makao, Kenya Society of Care Leavers, na wamekuwa wakipiga kelele kuhusu vitu kama hivi. Hao ndio wangekaa mbele wakati tarehe zinapangwa. Wanajua geti linafunguka aje kutoka ndani.

Kwa hivyo mpito mmoja wa miaka kumi kwa wote haufai. Mtoto wa miaka miwili hana miaka kumi ya kungoja, huyo atafutiwe familia sasa. Wa miaka 16 pengine kumhamisha shule na mtaa mwaka mmoja kabla ya mtihani ni kumvuruga. Huyo apewe cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, ufundi, na mtu wa kupigia simu akikwama. Wa katikati ndio warudishwe kwa hatua, na wale wenye ulemavu wasiachwe mwisho kwa sababu ni kazi ngumu. Tarehe ya 2032 ni moja. Mipango ya ndani lazima iwe mingi kama watoi.

Na kuna jambo la kalenda. Mkakati unafika katikati 2027, mwaka wa uchaguzi. Unajua vile bajeti huliwa na kampeni, na maafisa wapya huingia wakitaka vitu vyao. Hiyo nusu ya pili ndiyo mimi naiogopea.

Wewe unaingilia wapi

Kama mbogi yenu imepanga kupeleka vitu kwa makao, pelekeni, watoi wanakula leo. Lakini mkiwa pale ulizeni mwenye makao maswali matatu, kwa heshima, bila kuleta kamera: ni watoi wangapi wamerudi kwa familia mwaka uliopita? Nani huwatembelea wakisharudi? Tukitaka kulipia karo ya mmoja aliyerudi nyumbani, tunatuma wapi? Mwenye kufanya kazi ya ukweli atafurahi kuulizwa. Atatoa daftari.

Kama wewe ndiye ulikulia huko na huna cheti cha kuzaliwa, usianze na broka wa mlangoni wa ofisi za serikali. Anza na afisa wa watoto wa kaunti ndogo ambapo makao yako, uombe barua inayothibitisha ulilelewa pale, na mwambie mkurugenzi wa makao akupe nakala ya faili yako. Kuna amri ya korti mahali fulani yenye jina lako.

Na kama makao ya mtaani kwenu yameanza kutoa watoi ghafla, mabegi kwa geti, hakuna afisa, hakuna aliyeenda kuona nyumbani kwao kukoje, piga 116. Ni namba ya bure ya kusaidia watoto, inafanya kazi mchana na usiku. Waambie jina la makao, mtaa, na watoi wangapi umeona.